Kompyuta inajizima au kuganda ovyo? Namna ya kukinasa kifaa kibovu

Kompyuta ikianza kujizima katikati ya kazi, wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: wanafuta Windows na kuiweka upya, au wananunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mpya kwa sababu kuna mtu amewaambia "hiyo ni RAM tu". Mara mojamoja wanabahatisha. Mara nyingi pesa inakwenda, tatizo linabaki palepale, na baada ya kugusagusa vitu vitano kwa siku moja hakuna tena anayejua kipi kilisababisha nini.

Mwongozo huu una kanuni moja, nayo inatangulia bisibisi: usinunue kifaa chochote mpaka uone hitilafu inakifuata. Umetoa kipande cha RAM, kompyuta ikatulia. Umekirudisha, ikagoma tena. Hapo una jibu. Pungufu ya hapo ni kupiga ramli. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike mahali ulichofanya na kilichotokea. Karatasi inatosha.

Kabla ya lolote: okoa data zako

Huenda kinachokufa ni diski, na kila saa unayoendelea kupima inaweza kuwa ya mwisho kwake. Hata diski ikiwa nzima, kuzimika ghafla wakati faili linaandikwa kunaweza kuliharibu faili hilo. Nakili picha, nyaraka na chochote usichoweza kukipata tena, uweke kwenye diski ya nje, kisha uichomoe.

Ushauri wa "anza na chkdsk /r" umesambaa sana, na kwangu ni ushauri mbaya kwa hatua hii. Amri hiyo inailazimisha diski isome kila sehemu yake, mwanzo hadi mwisho. Diski nzima inavumilia. Inayokata roho inamaliziwa. Na ukisikia diski ikigonga tak, tak, tak kwa ndani, izime. Kama data zake zina thamani, usiiwashe tena mpaka iwe mikononi mwa mtu wa kuokoa data.

Hatua ya 1: Hakikisha si programu

Chukua flashi, weka juu yake Linux inayoweza kuendeshwa bila kusakinishwa, uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo na uitumie kwa saa kadhaa: video, kurasa nyingi za intaneti, chochote. Ikigoma humo pia, Windows na draiva zake (programu zinazoendesha vifaa) hazihusiki, tafuta kifaa. Isipogoma, usishangilie mapema. Inawezekana tatizo ni diski ambayo Linux hiyo haikuigusa, au mzigo ulikuwa mdogo mno kulinganisha na ule wa kawaida.

Kuna ushahidi mzito kuliko huo: kompyuta ikiganda au kuzima ukiwa ndani ya BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye kompyuta yenyewe), kabla mfumo wowote haujapanda, hiyo ni hitilafu ya kifaa, huna haja ya kujadiliana na mtu.

Kwa upande mwingine, kama matatizo yalianza siku ileile uliyosasisha draiva, na skrini ya bluu inataja faili lilelile la .sys kila mara, shuku draiva kwanza. Ujumbe unaobadilika kila mara, leo huu kesho ule bila mpangilio, ndio unaonuka RAM au umeme.

Hatua ya 2: Soma namna inavyogoma

Watu husema "kompyuta inazima" kwa mambo matano tofauti kabisa, na tofauti hizo ndizo zinazokuonyesha pa kuanzia.

Ikizima pap, kama vile waya umechomolewa, bila ujumbe wowote, anza na umeme na joto. Ikiganda huku spika zikirudia kipande kilekile cha sauti, shuku kadi ya picha, RAM au prosesa (ubongo wa kompyuta). Ikisimama dakika nzima huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, kisha ikazinduka yenyewe, diski ndiyo ya kuulizwa. Mistari, vidoto vya rangi au miraba iliyotapakaa kwenye skrini ni kadi ya picha, mara chache kebo ya skrini. Na laptopu inayogoma unapoiinua au kuikunja ina kitu kilicholegea au kebo iliyochoka.

Angalia pia wakati. Inagoma ukicheza gemu tu? Ikiwa imekaa bila kazi? Dakika kumi baada ya kuwashwa? Hayo yaandike.

Sasa iambie Windows isijiwashe upya kabla hujasoma ujumbe. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Ikigoma tena, piga picha skrini kwa simu. (Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 skrini hiyo imegeuzwa kuwa nyeusi, maana yake ni ileile.)

Jumbe zinazofaa kukumbukwa ni chache. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR maana yake vifaa vyenyewe vimeripoti kosa lisilorekebishika, na karibu kila mara ni prosesa, umeme wake, joto au kitu kilichochomekwa kwenye sloti za PCIe (za kadi kama ile ya picha). MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA zinakusukuma kwenye RAM, ingawa draiva mbovu nayo huzileta. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR ni Windows ikilalamika kwamba ilitaka kusoma kitu kutoka kwenye diski na haikukipata sawasawa. VIDEO_TDR_FAILURE ni kadi ya picha iliyoshindwa kujibu. Kwa kawaida Windows huipa sekunde 2 tu.

Fungua pia Event Viewer (andika eventvwr), nenda Windows Logs, kisha System. Hapo utakutana na Kernel-Power 41, tukio ambalo limewafanya watu wazitupe pawa saplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) zisizo na hatia na kununua nyingine. Jina lina neno "power", lakini tukio linasema jambo moja tu: mara ya mwisho kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Lifungue, uende kwenye Details, utazame BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikuwahi hata kuandika kosa, jambo linaloelekeza kwenye umeme, joto au kuganda kabisa. Ikiwa na namba, ibadilishe iwe ya heksadesimali (mfumo wa namba wa msingi wa 16): 292, kwa mfano, ni 0x124, yaani ile WHEA ya hapo juu. Tafuta pia matukio ya WHEA-Logger, na ya chanzo kiitwacho disk: namba 7 ni sehemu mbovu ya diski, 153 ni ombi la diski lililobidi kurudiwa.

Wa Linux waandike journalctl -b -1 -p err, waone makosa ya uwasho uliotangulia.

Hatua ya 3: Joto na vumbi

Ni rahisi kupima, kwa hiyo lianze hili. Sakinisha programu ya HWiNFO, uangalie joto la prosesa na la kadi ya picha kompyuta ikiwa imetulia, kisha ikiwa chini ya mzigo. Prosesa nyingi za leo hupunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, na huzima kabisa pale tu kupunguza kasi kunaposhindwa kusaidia. Hivyo joto likiwa ndiyo sababu, kwa kawaida utaona uzito kwanza, kuzima baadaye. Kompyuta inayozima sekunde chache tu baada ya kuwashwa ina jambo lingine: huenda kipozeo hakijakaa vizuri juu ya prosesa, au kuna shoti.

Kusafisha: zima, chomoa waya wa umeme, shikilia panga la feni kwa kidole lisizunguke, ndipo upulize. Feni inayozungushwa na upepo mkali huharibika bearingi, na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi kuu (madabodi). Kwenye laptopu, kupuliza kutoka nje hakufiki mbali. Vumbi hujikusanya kati ya feni na mapezi ya kipozeo, likashikana kama kipande cha blanketi, na ukipuliza kwa nje unalirudisha ndani tu. Fungua kifuniko, lione, ulitoe kwa mkono au kwa koleo ndogo.

Ukikitoa kipozeo, pesti ya joto ya zamani ifutwe yote kwa spiriti ya isopropili, uweke mpya kiasi cha punje ya kunde. Kurudisha kipozeo juu ya pesti iliyokauka ni kujitafutia kazi upya.

Hatua ya 4: Rudisha mipangilio ya kiwandani

Ingia BIOS, chagua mipangilio ya msingi, uhifadhi. Hii inaondoa kasi yoyote iliyoongezwa, ikiwemo wasifu wa kasi wa RAM uitwao XMP au EXPO. Wengi hawajui kwamba kasi iliyoandikwa kwenye boksi la RAM mara nyingi ni ya wasifu huo, si kasi ambayo madabodi itaanza nayo. Kompyuta ikitulia baada ya hapo, RAM yako huenda ni nzima, ila madabodi au prosesa haiwezi kuibeba kwa kasi ile. Punguza hatua moja, uishi nayo.

Kusasisha BIOS acha kwa sasa. Kompyuta inayojizima ikizima katikati ya kuandika BIOS, unaweza kubaki na bodi iliyokufa.

Hatua ya 5: RAM

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu RAM mbovu huigiza kila kitu. Leo itakuletea kosa la diski, kesho la kadi ya picha, keshokutwa kivinjari kinajifunga chenyewe.

Kipimo cha Windows (mdsched) kinafaa kwa haraka. Kikikuta kosa, kiamini. Kikisema hakuna, usikiamini sana. Tumia Memtest86+ kutoka kwenye flashi, ambayo huendeshwa bila mfumo wowote juu yake. Iache usiku kucha, angalau imalize mizunguko minne. Kosa likipatikana, mistari myekundu inajitokeza ikionyesha anwani iliyokosewa. Hakuna kiwango kinachokubalika cha makosa hapa: moja linatosha kuendelea na uchunguzi.

Likipatikana, usikimbilie kununua. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki utoke, kisha gusa sehemu ya chuma ya kasha. Toa vipande vyote. Tazama meno ya dhahabu kwenye ukingo wa chini: mara nyingi utaona ukungu mweusi au alama za vidole. Yasugue taratibu kwa kifutio laini cha penseli, upeperushe mabaki, ufute kwa spiriti ya isopropili, na usiyaguse tena kwa vidole. Puliza na sloti. Rudisha kipande kimoja tu, ukikisukuma mpaka vishikizo vibane kwa mlio. RAM isiyoingia sawasawa ni chanzo cha ajabu nyingi.

Sasa pima kipande A kwenye sloti moja. Kisha kipande B kwenye sloti ileile. Kisha kile kizima kwenye sloti nyingine. Ukimaliza una picha kamili. Kosa likihama na kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye sloti bila kujali kipande kilichomo, tazama madabodi, au pini za soketi ya prosesa zilizopinda, kwa sababu njia za RAM hupitia hapo. Vyote vikiwa salama kimoja kimoja lakini vikikosea vikiwa pamoja, havipatani, au kasi ni kubwa mno. Rudi Hatua ya 4.

Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Hapo kipimo kitakupa jibu, lakini tiba ni ya fundi mwenye vifaa vya kuchomelea chipu.

Hatua ya 6: Diski

Diski huweka rekodi za afya yake ziitwazo SMART. Kwenye Windows zisome kwa CrystalDiskInfo, kwenye Linux kwa smartctl -a /dev/sda. Usiridhike na neno "Good" la juu. Shuka kwenye namba. Nazo CrystalDiskInfo huziandika kwa heksadesimali usipoibadilisha, kwa hiyo usishtuke ukiona herufi.

Kwa diski za SATA (zile ambazo kwa kawaida huungwa kwa kebo) tazama 05 (sehemu zilizohamishwa), C5 yaani 197 (sehemu zinazosubiri uamuzi) na C6 yaani 198 (zisizosomeka). Zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka wiki hadi wiki, nunua diski, hapa sibishani. Namba C7 yaani 199 ni kisa tofauti, kwani huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi, na mara nyingi mkosaji ni kebo. Badilisha kebo kwanza. Hesabu ya nyuma haifutiki, kwa hiyo cha kuangalia ni kama inaendelea kupanda.

NVMe, yaani SSD (diski za chipu) za kuchomekwa kwenye sloti, zina orodha yao: Media and Data Integrity Errors inatakiwa iwe sifuri, na Available Spare isishuke kukaribia kizingiti chake. Ila SSD ina tabia ya kufa bila kuaga: namba ni safi, na siku moja haionekani hata kwenye BIOS. Ikipotea na kurudi baada ya kuzima na kuwasha, ichomoe, uichomeke vizuri, ujaribu sloti nyingine. Ikipotea tena, imekwisha.

Hatua ya 7: Umeme

Anza nje. Chomeka moja kwa moja ukutani bila ekstensheni, jaribu waya mwingine, hakikisha haulegei nyuma ya kompyuta.

Kwenye laptopu, itumie kwa betri tu, kisha (kama betri inatoka) kwa chaja tu. Ikigoma kwa njia moja na kutulia kwa nyingine, umepata pa kushika. Betri iliyovimba, unayoitambua kwa kifuniko kinachoachana au padi ya kipanya iliyoinuka, iondolewe mara moja. Usiitoboe, usiikandamize, usiendelee kuichaji.

Kwa kompyuta ya mezani, viwango vya ATX vilivyozoeleka kwa pawa saplai vinaruhusu asilimia 5 juu au chini: laini ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Pima kwa multimita kompyuta ikiwa inafanya kazi nzito, kwani pawa saplai dhaifu huonekana sawa ikiwa haijabebeshwa kitu. Volti zinazoonyeshwa na programu si za kutegemea sana. Hata multimita haioni mshuko wa ghafla wa sehemu ya sekunde, kwa hiyo kipimo bora ni kuazima pawa saplai nzima yenye nguvu ya kutosha. Angalizo: waya za pawa saplai za kisasa zenye plagi zinazotoka zisichanganywe kati ya moja na nyingine hata zikiingia. Mpangilio wa pini hutofautiana, na unaweza kuchoma diski zote kwa mpigo.

Ukiwa hapo, chomoa plagi ya pini 24 na zile za kadi ya picha uzitazame. Plastiki iliyogeuka kahawia au pini iliyoyeyuka ni ushahidi tosha. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya 8: Kadi ya picha

Kama prosesa yako ina picha zake za ndani, itoe kadi, uchomeke skrini kwenye madabodi, ufanye kazi siku chache. Kompyuta ikitulia, mtuhumiwa ni kadi au umeme unaoilisha. Irudishe kwa waya mbili tofauti za umeme badala ya moja yenye vichwa viwili, uweke draiva upya, ujaribu tena. Mistari inayoonekana tangu nembo ya kiwanda, kabla Windows haijapanda, haina uhusiano na draiva.

Hatua ya 9: Prosesa na madabodi

Prosesa ni nadra kuharibika, na ndiyo maana iko mwisho. Kuna kundi moja la kuzingatia: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zikidhoofika kwa sababu ya volti kupanda kupita kiasi. Ilitoa marekebisho kupitia BIOS, likiwemo 0x129 la Agosti 2024, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Kwa wenye prosesa hizo, kusasisha BIOS ni lazima, lakini iliyokwisha kudhoofika haiponi kwa sasisho. Jaribu Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito: ikiripoti kosa huku RAM imefaulu, joto liko sawa na kasi ni ya kiwandani, dai dhamana.

Madabodi huhukumiwa kwa kuwaondoa wengine wote. Itoe kwenye kasha, iweke juu ya kadibodi, uiunge na prosesa na kipozeo chake, kipande kimoja cha RAM na pawa saplai, basi. Ikitulia hapo na kugoma ikirudi kwenye kasha, tafuta skrubu iliyodondoka au nguzo ya chuma inayogusa nyuma ya bodi. Kwenye bodi za zamani tazama vichwa vya kapasita: vinatakiwa viwe bapa kabisa. Kilichotuna au kutoa ukoko wa kahawia kimekwisha.

Betri ndogo ya CR2032 mara nyingi husingiziwa. Ikiisha, saa na mipangilio ya BIOS hupotea. Kompyuta kuzima katikati ya kazi si kawaida yake.

Ukishakipata

Kirudishe kibovu mara moja zaidi uone kompyuta ikigoma, ndipo ununue. Baada ya kubadilisha, subiri muda unaozidi pengo la zamani: iliyokuwa ikigoma kila siku tatu haijapona kwa kukaa siku mbili. RAM iliyouzwa kwa jozi idai dhamana kwa jozi.

Kama mkosaji alikuwa RAM au diski, kuna kazi imebaki. Faili zilizoandikwa wakati wa ubovu zinaweza kuwa zimeharibika kimyakimya. Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kisha sfc /scannow. Yakibaki makosa, hapo sasa weka Windows upya. Nakala ulizochukua mwanzoni nazo zifungue moja moja, hasa zile kubwa zilizobanwa, kabla ya kufuta nakala yoyote ya zamani zaidi.